Virginia Apgar: jina lenye kuandikwa kwenye fishi ya mutoto

Baba na mama wengi wanajua ile fishi ya materinite. Karibu na uzito wa mutoto kuko namba mbili, pembeni ya neno Apgar. Wengine wanafikiri ni jina la dawa ao la mashini. Hapana. Ni jina la mwanamuke, munganga wa Marekani.

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 Juni 1909 kule Westfield, New Jersey. Ugonjwa ulikuwa unajulikana mu nyumba yao: kaka yake moja alikufa na kifua kikuu, mwingine alikuwa mugonjwa siku zote. Mwaka wa 1933 akamaliza masomo ya uganga kwenye universite ya Columbia, New York. Ile miaka pesa ilikuwa imepotea Marekani yote, na yeye alitoka kwenye masomo na deni.

Alianza kazi ya kupasua wagonjwa. Lakini mukubwa wake, munganga Allen Whipple, aliona kama wanawake hawakuwa wanapata kuishi na hiyo kazi. Akamushauri ajifunze kulalisha wagonjwa wakati wa operasio. Akakubali, na mwaka wa 1938 akawekwa mukubwa wa hiyo kazi. Mwaka wa 1949, wakati hiyo kazi ilipandishwa cheo mu lopitali, kiti cha mukubwa kikapewa mwanaume. Yeye akafanywa profesa, mwanamuke wa kwanza kupata cheo hicho mu masomo ya uganga ya Columbia. Kisha akaenda kutumika zaidi kule wanawake wanazalia.

Kule njo aliona shida. Mutoto akizaliwa, macho yote yalikuwa kwa mama. Mutoto mwenye hapumui vizuri, huyu anasema ni zaifu tu, yule anasema atapona. Kipimo kimoja hakikuwa, na wengine waliachwa pembeni hata kama wangeweza kusaidiwa.

Mwaka wa 1952 Apgar akaonyesha waganga wenzake kipimo chake, na mwaka wa 1953 kikaandikwa mu gazeti la uganga. Ni mambo tano: roho inapiga namna gani, mutoto anapumua namna gani, mikono na miguu iko na nguvu, akiguswa anajibu, na rangi ya mwili. Kila jambo linapewa 0, 1 ao 2. Yote pamoja ni 10. Roho yenye kupiga zaidi ya mara 100 kwa dakika inapata 2. Chini ya 100 inapata 1. Kama haipigi, 0. Kwa mutoto mweusi, rangi inaangaliwa kwenye midomo, ulimi na viganja.

Hakuna mashini ya bei kali. Ni macho, masikio, mikono na saa. Ile namba ya kwanza ni ya dakika 1 kisha kuzaliwa, ya pili ni ya dakika 5. Mutoto mwenye hapumui anasaidiwa mara moja. Hakuna kungoja kuhesabu kwanza.

Kipimo kikamugusa Apgar yeye mwenyewe. Pamoja na wenzake waliona kama gazi ya siklopropane, yenye yeye alipenda kulalisha nayo wamama, ilikuwa inazaifisha watoto. Akaiacha.

Mwaka wa 1959 akamaliza masomo mengine kwenye universite ya Johns Hopkins, kisha akatumikia watoto wenye kuzaliwa na kilema. Alipenda muziki, na alijitengenezea violon kwa mikono yake. Hakuolewa. Alikufa New York tarehe 7 Agosti 1974.

Leo bado kuko wazazi wenye kuogopa wakiona 5 ao 6. Ile namba haisemi kama mutoto atakuwa na akili ao hapana masomoni. Inasema tu namna alikuwa mu zile dakika. Kuanzia 7, mutoto eko muzuri. Kama ya kwanza ilikuwa 4 na ya pili ni 8, maana yake mutoto amepata nguvu. Kama ya pili imebakia chini, wazazi waulize munganga ao infirmie mbele ya kurudi nyumbani: mutoto alisaidiwa namna gani, na wamurudishe siku gani waangalie tena.