Mtakatifu Marko wa Križevci, Mfiadini kutoka Mji wa Msalaba

Kila Septemba 7 Kanisa humkumbuka padre aliyeuawa akiwa na miaka 30 hivi. Sisi tunaosoma falsafa tunamwona kama kaka yetu mkubwa, kwa kuwa naye alipitia masomo haya, kisha akapewa kazi ya kuwalea waseminari.

Marko alizaliwa takribani mwaka 1589 huko Križevci, mji mdogo wa kaskazini mwa Kroatia. Kwa Kikroatia križ ni msalaba, na kanisa la kale la mji huo ni la Msalaba Mtakatifu. Hata hivyo, mji wenye jina hilo haukuwa na amani. Mwaka 1397 mfalme Sigismund aliwaulia hapo wapinzani wake waliokuja mkutanoni. Baadaye Mji wa Juu na Mji wa Chini viligombana kwa vizazi vingi, hadi malkia Maria Theresa alipoviunganisha mwaka 1752. Pamoja na hayo, wenyeji wanasifika kwa karamu zao zenye kanuni: mezani huchaguliwa kiongozi, na kila mgeni humtii.

Kijana Marko alisoma kwa Wajesuiti huko Graz, Austria, kisha akapelekwa Roma katika chuo cha Germanicum. Alipadirishwa mwaka 1615. Askofu mkuu Péter Pázmány alimwita Trnava, akamkabidhi seminari na kumfanya kanoni wa Esztergom. Mwaka 1619 alitumwa karibu na Košice, katika Slovakia ya leo, kusimamia mali za abasia ya zamani ya Wabenediktini.

Vita vya dini vilikuwa vimewaka. Mwezi Septemba askari wa Gabriel Bethlen, mtawala Mkalvini wa Transilvania, waliuteka mji wa Košice. Marko alikamatwa pamoja na Wajesuiti wawili, István Pongrácz na Melchior Grodziecki. Inasimuliwa kwamba aliahidiwa mali akiiacha imani yake, naye akakataa. Usiku wa kuamkia Septemba 7 waliteswa. Marko na Melchior walikatwa vichwa. István alitupwa pamoja na maiti zao katika shimo la maji machafu akiwa bado hai, akafa baada ya saa nyingi.

Papa Pio X aliwatangaza wenyeheri mwaka 1905, na Papa Yohane Paulo II akawatangaza watakatifu huko Košice, Julai 2, 1995. Siku hiyohiyo Papa alifika Prešov, mji wa jirani, akasali mbele ya kumbukumbu ya Waprotestanti 24 waliouawa mwaka 1687 na watawala Wakatoliki.

Hapo ndipo sisi tunapoguswa zaidi. Ni rahisi kuwalilia mashahidi wa upande wetu na kuwasahau waliouawa na watu wetu. Darasani tunajifunza kutetea ukweli kwa hoja. Marko aliutetea kwa damu yake mwenyewe, wala si kwa damu ya mwingine. Tofauti hiyo tuibebe tutakapotumwa parokiani, kwenye familia na mitaa yenye madhehebu mengi. Msalaba uliolipa jina Križevci ulisimikwa kwa ajili ya pande zote mbili za ugomvi.

Mtakatifu Marko wa Križevci, utuombee.