McMillan: Kabaila wa Juja aliyezikwa katika mlima wa nyati

ABIRIA anayetoka Nairobi kuelekea Thika, akishapita Ruiru na Juja, huona upande wake wa kulia mlima mmoja uliojitenga na mingine yote. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wenyeji wengi wanaujua kwa jina la Kilimambogo, kwa sababu ya nyati waliojaa katika misitu yake.

Kwenye mteremko wa mlima huo, kabla ya kufika kileleni, yapo makaburi ya watu watatu. Mmoja wao ni Sir William Northrup McMillan, tajiri mzawa wa Marekani ambaye miaka mia moja na zaidi iliyopita aliyamiliki mashamba mapana ya nyanda hizi, na ambaye nyumba yake ya Juja ilikuwa kituo cha wawindaji mashuhuri wa dunia.

Maisha yake yanastahili kusimuliwa upya. Kwa upande mmoja, alikuwa miongoni mwa walowezi waliojitwalia ardhi ya watu wengine na kuigeuza uwanja wa kujiburudisha kwa bunduki. Kwa upande wa pili, jina lake limeambatana na mambo mawili ambayo Wakenya wanayatumia hadi leo: maktaba iliyo katikati ya jiji la Nairobi, na mlima ambao sasa ni mbuga ya taifa.

McMillan alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Baba yake alikuwa mwenye viwanda aliyechuma mali nyingi kwa kuunda mabehewa ya reli, wakati ambapo njia za treni zilikuwa zikisambazwa kote Marekani. Mwana huyo hakulazimika kuhangaikia riziki. Mwaka 1894 alimwoa Lucie Webber, na baada ya muda wawili hao wakaanza kuishi Uingereza, ambako alijenga urafiki na makabaila waliopenda safari na uwindaji.

Hamu ya safari ndiyo iliyomleta Afrika. Mwaka 1903 aligharamia msafara uliokusudia kuusafiri mto Nile ya Buluu kwa mashua kutoka Ethiopia hadi Sudan. Maporomoko yalizishinda nguvu mashua hizo, na mradi ukasambaratika. Haukupita muda mrefu, akaelekea kusini na kuingia katika nchi ambayo Waingereza waliiita Himaya ya Afrika Mashariki.

Alifika wakati uliomfaa mno mtu mwenye fedha. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Kisumu mwaka 1901, na serikali ya kikoloni ilitaka walowezi wenye mtaji ili reli hiyo ipate mizigo. Sheria ya Ardhi ya Ufalme ya mwaka 1902 ilimpa kamishna uwezo wa kuwagawia wageni ardhi. Mnamo 1904, kwa mkataba ambao hadi leo Wamaasai wanaulalamikia, jamii hiyo ilihamishwa kutoka sehemu kubwa ya malisho yake katika Bonde la Ufa na kusukumwa Laikipia na kusini mwa reli.

Nyanda za Athi hazikuwa pori lisilo na mwenyewe. Wamaasai walichunga huko, na Wakamba na Wakikuyu waliishi, kulima, kuwinda na kufanya biashara kandokando yake. Lakini katika vitabu vya serikali ardhi hiyo ilihesabiwa kuwa tupu. Hivyo ndivyo McMillan alivyopata maelfu ya ekari baina ya mito inayotelemka kutoka Ruiru na Thika, na baadaye akautwaa pia mlima wa Ol Donyo Sabuk na viunga vyake.

Shamba lake aliliita Juja. Kuhusu asili ya jina hilo, hadithi inayosimuliwa zaidi ni kwamba lilitokana na vinyago viwili vya Afrika Magharibi, kimoja kikiitwa Ju na cha pili Ja, ambavyo McMillan alikuja navyo. Iwapo ni kweli, basi mji wenye maelfu ya wanafunzi na wafanyabiashara hii leo unabeba jina lisilotokana na lugha yoyote ya wenyeji wake.

Nyumba ya Juja ilikuwa na baraza pana, na mgeni aliyeketi hapo aliweza kuwaona kongoni, nyumbu na punda milia wakila nyasi pasipo kuinuka kitini. Viboko walikuwa mtoni. Chui walijificha katika vichaka vya kingoni. Shambani walifugwa pia wanyama wa mwituni waliotiwa vizimbani, wakiwemo simba.

Ukarimu wa wenyeji hao ulijulikana mbali. Frederick Selous, Mwingereza aliyesifika kuliko wawindaji wote wa zama zake, alikuwa rafiki na mgeni wao. Hata hivyo, mgeni aliyeliingiza jina la Juja katika magazeti ya dunia ni Theodore Roosevelt.

Roosevelt aliondoka ikulu ya Marekani Machi 1909, na mwezi uliofuata alishuka bandarini Mombasa pamoja na mwanawe, Kermit. Safari yake iliandaliwa kwa ushirikiano na makavazi ya Smithsonian ya Washington, yaliyotaka ngozi na mifupa ya wanyama kwa ajili ya utafiti. Wapagazi zaidi ya 200 waliubeba msafara huo. Katika wiki zake za kwanza nchini, rais huyo mstaafu alikaribishwa Juja, akawinda kiboko mtoni, naye Kermit akamuua chui.

Baba na mwana hao waliendelea na safari hadi Uganda, Congo na Sudan. Walipofika Khartoum mwaka 1910, wanyama waliowaua kwa bunduki zao wenyewe walikuwa 512, wakiwemo simba 17, ndovu 11 na faru 20.

Leo idadi hiyo inatisha. Ajabu ni kwamba Roosevelt huyohuyo, alipokuwa rais, alitenga misitu, mbuga na hifadhi za ndege kwa mamilioni ya ekari nchini mwake. Katika fikra za watu wa tabaka lake hapakuwa na mgongano wowote. Waliamini kwamba mnyama huhifadhiwa ili muungwana apate kumwinda kwa leseni na kwa idadi iliyopangwa.

Ubaya wa fikra hizo ulikuwa katika swali la nani aliyestahili kuitwa muungwana. Kanuni za uwindaji za serikali ya kikoloni zilidai leseni ambazo ada zake mwanakijiji asingeweza kuzilipa. Mkamba aliyerithi ufundi wa upinde na mshale wa sumu kutoka kwa babu zake akageuka jangili, ilhali mgeni aliyepanga pembe na vichwa vya wanyama ukutani aliitwa mwanamichezo. Bado chuki hiyo haijaisha kabisa, na maafisa wa wanyamapori huikuta hadi leo wanapojaribu kuwashawishi wakulima wa kando ya mbuga.

Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, McMillan alijiunga na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichosheheni wawindaji na wasafiri wa makamo. Selous, aliyekuwa amepita umri wa miaka 60, alikuwa humo pia. Aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, katika Tanzania ya leo, Januari 1917. Nyumba ya McMillan ya Nairobi, Chiromo, ambayo siku hizi iko ndani ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilitumiwa kuwauguza maafisa waliojeruhiwa.

Kwa huduma zake za wakati wa vita, McMillan alitunukiwa na mfalme wa Uingereza cheo cha Sir. Aliketi pia katika Baraza la Kutunga Sheria, ambamo walowezi walikuwa na wajumbe wa kuwachagua wenyewe na Waafrika hawakuwa na hata mmoja wa rangi yao. Mwafrika wa kwanza kuingia baraza hilo, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944, miaka 19 baada ya McMillan kufariki.

Mauti yalimkuta mjini Nice, Ufaransa, Machi 1925, akiwa na umri wa miaka 52. Alikuwa ameagiza azikwe Ol Donyo Sabuk, na maiti yake ikasafirishwa kwa bahari na reli hadi Kenya. Inasimuliwa kwamba jeneza lilikusudiwa kufikishwa kileleni, lakini marehemu alikuwa mtu wa mwili mkubwa mno, na trekta iliyolivuta ikashindwa na mwinuko. Akazikwa pale pale safari ilipokomea. Bi Lucie, aliyefariki mwaka 1957, amelazwa kando yake, na wa tatu ni Louise Decker, mtumishi wao wa miaka mingi.

Kumbukumbu ya mumewe Bi Lucie aliijenga mjini. Maktaba ya McMillan, yenye nguzo ndefu na sanamu za simba wawili mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931 karibu na Msikiti wa Jamia, kwa fedha zake na mchango wa shirika la Carnegie. Mwaka 1938 ilitungiwa sheria yake maalumu ya kuilinda.

Lakini maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu pekee. Mfanyakazi Mwafrika aliyepita hapo kila asubuhi aliruhusiwa kufagia ngazi, si kusoma kitabu. Ni katika miaka ya mwisho ya ukoloni tu ndipo baraza la jiji lilipoichukua na kuwafungulia wananchi wote. Katika miaka ya hivi karibuni, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na serikali ya Nairobi kuikarabati pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Mlima nao ulipitia njia inayofanana na hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ya Kenya huru iliutangaza kuwa mbuga ya taifa. Mei 1977 uwindaji wa burudani ukapigwa marufuku nchini kote. Mahali ambapo zamani ilihitajika ruhusa ya tajiri mmoja, sasa watoto wa shule kutoka Thika na Machakos hulipa kiingilio, wakapanda kuwatazama mbega na pongo na kulisoma jina lililochongwa kaburini.

Nyanda zilizokuwa chini ya baraza la Juja, kwa upande wake, hazikubahatika kuokoka. Mkonge, kahawa na mananasi viliziteka kwanza. Ruiru ikawa makao ya utafiti wa kahawa, na aina ya mbegu iitwayo Ruiru 11 ikatolewa huko miaka ya 1980. Chuo cha Jomo Kenyatta kilifunguliwa Juja mwaka 1981 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012, majumba ya kukodisha yaliota kila upande.

Hakuna wa kuwalaumu vijana waliopata elimu na makao hapo. Hata hivyo, mbuga ya Ol Donyo Sabuk, yenye ukubwa wa kilomita 20 hivi za mraba, imebaki kama kisiwa kilichozingirwa na mashamba na makazi. Njia ambazo wanyama walipitia kutoka nyanda za Athi zimezibwa. Nyati akitoka nje ya mbuga hana pa kwenda ila katika mahindi ya mtu, na mwenye mahindi hana sababu ya kumpenda.

McMillan hakuacha nyuma yake sera yoyote ya uhifadhi, na si haki kumvika joho la mtetezi wa wanyama. Aliacha mali aliyoipata kwa sheria ya upande mmoja, na wengine ndio walioigeuza kuwa ya umma. Nchini Tanzania, sehemu kubwa ya pori lililoitwa kwa jina la rafiki yake Selous ilipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 2019. Hapa Kenya, maktaba ingali inaitwa McMillan.

Jina si hoja kubwa sana. Linalotakiwa kuangaliwa ni ardhi inayouzungukia mlima, inayoendelea kukatwa vipande kila mwaka. Wamiliki wake wa sasa ni wananchi wenyewe, na uamuzi wa kuwaachia wanyama upenyo, au kuwafungia juu ya mlima hadi watoweke, hauko tena mikononi mwa kabaila yeyote kutoka ng'ambo.