Sayyid Muhammad Abdille Hassan na Jani la Mairungi

Wengi wetu tukitajiwa Sayyid Muhammad Abdille Hassan wa Usomali hukumbuka bunduki: miaka ishirini na ushei ya kupigana na Waingereza, nao kwa kumshindwa wakambandika jina la Mullah Mwendawazimu. Wachache wajuao kuwa kabla ya bunduki alianza na mairungi.

Alizaliwa mnamo 1856, bara ya kaskazini ya Usomali, akashika Kurani angali mtoto. Mwaka 1894 alikwenda kuhiji, na huko Makka akachukua tarika ya Salihiya kwa Sheikh Muhammad Salih mwenyewe. Mwaka wa pili yake akateremkia bandari ya Berbera. Aliukuta mji wa Kiislamu, wenye misikiti na wanavyuoni. Lakini pia aliyakuta mabaraza ya alasiri, watu na vitita vyao, shavu limetuna. Akaanza kukataza: mairungi, tumbaku, ulevi.

Ugumu ulikuwa hapa. Jani lile halikuwa la wahuni peke yao. Masheikh wa Kadiriya walilitafuna ili wakeshe katika dhikri. Na kweli lakesheza: likiwa bichi lina dawa iitwayo kathinoni, ifukuzayo usingizi na kufungua ulimi, ambayo hupotea nguvu kwa siku mbili hivi, ndiyo maana vitita hukimbizwa njiani kama samaki. Deni huja baadaye: usingizi umeruka, moyo mzito, mfuko mtupu, na kesho yake mtu hutafuta jani la kumwondolea uzito ulioletwa na jani.

Sayyid aliyaona haya, akakemea kwa ukali, hadharani. Wenyeji wa Berbera wakamkataa. Kwa maoni yangu alipiga jani akalisahau baraza. Hakuwapa watu kitu cha kufanya na zile saa za alasiri, wala wenzi wa kukaa nao. Msomaji wa Nyaramba, huko milimani kwa Wakisii, na aweke chang'aa pahali pa mairungi, atakijua kisa.

Basi akahamia bara kwa wajomba zake Dhulbahante, na mwaka 1899 vita vikaanza. Huko neno lake lilikuwa na upanga nyuma yake. Mashairi yake, na alikuwa bingwa wa washairi, yalihifadhiwa hata na maadui zake.

Mwaka 1909 kalamu yangu inakuwa nzito. Wafuasi wake walimwua huko Biyoley Sheikh Uways wa Barawa, mtu wa Kadiriya, ambaye uradi wake ulifika mpaka Unguja na ungali ukisomwa katika pwani yetu. Ugomvi ulioanzia kwenye jani na kwenye tawasuli uliishia kwenye damu ya mwanachuoni. Sheikh Muhammad Salih naye alimkana mwanafunzi wake.

Mapema 1920 ndege za Waingereza ziliipiga ngome yake ya Taleh. Alikimbilia Ogaden, akafa huko Imi tarehe 21 Desemba mwaka huo kwa homa ya mafua. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Serikali ya Siad Barre, iliyomtukuza sana Sayyid, nayo ilipiga marufuku mairungi mwaka 1983. Yakapita kwa magendo, bei ikapanda. Serikali hiyo ilianguka 1991. Leo magari yaliyobeba jani hushuka mbio kutoka Ethiopia hadi Berbera, na ikifika alasiri mabaraza yamejaa.