Yogiji Maharaj: Mtawa wa Kihindu aliyepitia Tororo kabla ya London

Wanaosimulia jinsi mafundisho ya Vedanta yalivyofika nchi za Magharibi huanza na Swami Vivekananda, aliyehutubia mkutano wa dini mjini Chicago mwaka 1893. Lakini ipo njia nyingine iliyopita Afrika Mashariki, na Tororo, mji wa reli karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, ulikuwa kimojawapo cha vituo vyake.

Yogiji Maharaj alizaliwa Mei 23, 1892, huko Dhari, Gujarat, magharibi mwa India. Wazazi wake walimwita Jina, na kweli hilo ndilo lililokuwa jina lake. Aliingia utawani mwaka 1911, akajulikana kwa kazi ambazo wengine walizikwepa: kupika, kufagia, kuosha vyombo. Mwalimu wake, Shastriji Maharaj, alipofariki mwaka 1951, yeye ndiye aliyeongoza jumuiya yao ya Swaminarayan, inayofuata tawi la Vedanta linaloshikilia ibada kwa Mungu mmoja.

Wafuasi waliokuwa Afrika Mashariki walikuwa Wagujarati, baadhi yao wafanyakazi wa reli, na kwa miaka mingi mafundisho yaliwafikia kwa barua. Mwaka 1955 Yogiji Maharaj alikuja mwenyewe, akafungua hekalu Mombasa. Alirudi mwaka 1960, na safari hiyo ikazaa mahekalu ya Kampala, Jinja na Tororo. Wakulima wa Kirewa na Budama kwa jumla waliwafahamu Wahindi kwa biashara ya pamba na maduka zaidi kuliko kwa ibada. Ukoloni ulikuwa umekwisha kuwatenga watu kwa rangi hata shuleni na hospitalini.

Mwaka 1970 alizuru Afrika Mashariki kwa mara ya tatu, kisha akaelekea Uingereza akiwa na umri wa miaka 78. Juni 14 alifungua hekalu mtaani Islington, London, katika jengo lililokuwa kanisa. Alifariki Mumbai Januari 23, 1971.

Mwaka uliofuata Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Maelfu walitua Uingereza wakiwa wameacha nyumba, maduka na mahekalu. Kwa wafuasi waliokuwa miongoni mwao, mlango wa Islington ulikuwa umekwisha kufunguliwa.