Nyerere alivyomsahihisha Kaizari wake

MWALIMU Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka wa 1922 na kuanza shule akiwa na umri wa miaka 12, hakuiweka chini kalamu hata alipokabidhiwa dola. Mwaka wa 1963, alipokuwa Rais wa Tanganyika, Oxford University Press ilichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caezar. Wapo waliodhani Kiswahili hakingeumudu ushairi huo.

Mwenyewe hakuridhika. Aliirudia, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka wa 1969 ikiitwa Juliasi Kaizari, pamoja na Mabepari wa Venisi. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akawaita mabepari, tena kwa wingi!

Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama.