Betty Greene, Dada Aliyefungua Njia ya Anga

Sisi tuliofika Gisenyi kutoka Kongo tunazijua ndege ndogo za misheni. Pasipo na barabara, zilitua kwenye kiwanja cha majani, zikabeba wagonjwa, walimu na wachungaji. Tumkumbuke dada aliyetangulia katika kazi hiyo.

Betty Greene alizaliwa Marekani mwaka 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alirusha ndege za jeshi. Mwaka 1945 alishirikiana na marubani wenzake kuanzisha huduma iitwayo leo MAF. Februari 1946 yeye ndiye aliyerusha safari yake ya kwanza, kwa ndege nyekundu aina ya Waco, akiwapeleka wamisionari wawili Mexico. Baadaye alihudumu Peru na Nigeria. Sudan sheria ilikataza mwanamke kurusha ndege, lakini bunge likampa ruhusa, akahudumu huko kuanzia 1956. Alilala mwaka 1997.

Mabinti na akina mama wa kambi yetu, mmefungiwa milango mingi. Msiizike karama mliyopewa. Mungu huwafikia watu hata mahali gari lisipofika.