Askofu Edward Steere na Kazi ya Kuwapata Walimu

Katika kurasa za kitabu hiki cha jubilei yametajwa majina mengi ya walimu na mapadre, wana wa nchi hizi. Si vema kuyasoma bila kumkumbuka mtu aliyeishika kazi hii wakati ambapo hapakuwa na mwalimu hata mmoja wa kutumwa. Mtu huyo ni Edward Steere, askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasoma sheria hata akapata shahada kubwa. Lakini moyo wake ulivutwa na kazi ya Kanisa, naye akapewa ushemasi mwaka 1856. Alikuwa padre wa kijiji cha Little Steeping, katika jimbo la Lincolnshire, wakati rafiki yake William Tozer alipowekwa kuwa askofu mahali pa Mackenzie, aliyekufa kwa homa mwaka 1862 katika nchi za mto Shire. Steere alikubali kwenda naye kwa muda mfupi tu, apate kumsaidia kuanza. Muda ule haukwisha mpaka siku aliyozikwa.

Walikaa kwanza katika mlima wa Morambala, karibu na Zambezi, wakaona ya kuwa mahali pale hapafai. Wazungu walikuwa wakifa, na watu wa nchi wametawanyika kwa vita na njaa. Basi walikata shauri kuhamia Unguja, wakafika mwisho wa Agosti 1864. Wengi huko Uingereza waliwalaumu, wakisema wameikimbia bara ili wakae raha mjini. Lakini shauri lao lilikuwa hili: bara haiwezi kufundishwa na wageni wachache ambao kila mwaka homa inawapunguza, itafundishwa na watu wake wenyewe, nao lazima wapatikane kwanza na kulelewa. Kwa hiyo walianza na shule.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa wavulana 5 waliotolewa na Seyyid Majid, watoto waliotoka katika utumwa. Mwaka uliofuata waliongezwa wengine, wavulana kwa wasichana, waliokamatwa baharini na manowari ya Kiingereza. Yafaa tufikiri kidogo habari ya watoto hao. Hawakuwa na baba wala mama. Kila mmoja alikuja na lugha ya kwao, huyu Kiyao, huyu Kinyamwezi, huyu Kimakua. Na mwalimu wao hakujua hata moja katika hizo. Nani angeweza kuwafundisha, na kwa maneno gani?

Hapo ndipo tunapoiona hekima ya Steere. Hakutaka kuwafanya kuwa Waingereza weusi. Aliona ya kuwa kijana aliyefundishwa kwa Kiingereza peke yake atakuwa mgeni kwa watu wake, tena hatakuwa na kitabu cha kuwasomea. Aliketi na watu wa Unguja, akiwauliza maneno, akisikiliza hadithi zao na kuziandika kama zilivyosimuliwa. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kitabu cha hadithi za Unguja. Aliandika pia vitabu vidogo vya Kishambala, Kiyao na Kimakonde, maana alijua ya kuwa walimu wake watakwenda mpaka mahali ambapo Kiswahili hakitoshi. Kazi ya kupiga chapa aliifahamu mwenyewe, akawafundisha wavulana kupanga herufi. Hivyo vitabu vya shule vilitengenezwa na mikono ya wanafunzi.

Lakini watu hawaongezeki upesi kama kurasa. Wawili katika wavulana wa kwanza, John Swedi na George Farajallah, walipewa daraja ndogo ya kuwasaidia mashemasi mwaka 1870. Na katika kipindupindu cha wakati ule Farajallah akafa. Miaka 6 ya malezi ilizikwa pamoja naye. Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikaharibu nyumba ya shule ya Kiungani. Steere alikuwa Uingereza kwa ajili ya ugonjwa wa mke wake, akarudi mwaka ule ule kuyaokota yaliyobaki.

Hasara nyingine ilikuwa ya namna nyingine. Kijana aliyejua kusoma, kuandika na lugha mbili tatu alitafutwa na kila msafiri, naye msafiri alikuwa na mshahara mkubwa kuliko Misheni. Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na Misheni Unguja, alichukuliwa na Stanley katika safari ya mwaka 1874. Mwaka 1875 akaachwa Buganda kwa Kabaka Mutesa, akawa msomaji wake na mwandishi wake wa barua, tena akamfasiria maneno ya Injili kabla mmisionari yeyote wa Kizungu hajakaa kule. Je, tumwite mtu aliyepotea, au aliyetumwa? Kwa hesabu ya Misheni alikuwa pungufu. Kwa Buganda alikuwa faida. Sisi twaona ya kuwa shule isiyotaka kupoteza mwanafunzi hata mmoja haina budi kuwafundisha kidogo, na Steere hakukubali kufundisha kidogo.

Wala hakudhani ya kuwa wote watakuwa walimu. Wasioweza kazi ya vitabu walifundishwa uashi, useremala na uchapaji, au walipewa mashamba huko Mbweni. Huko Mbweni pia palikuwa na shule ya wasichana, ambayo tangu mwaka 1877 ilikuwa na Bibi Caroline Thackeray. Na kazi ile mara nyingi husahauliwa, ingawa walimu wengi wa bara walipata wake zao kule.

Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, kiwanja chake kiliingia mikononi mwa Misheni, na sehemu yake ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874, alisimamia mwenyewe ujenzi wa kanisa. Paa lake la mawe ya matumbawe na saruji lilikuwa jambo geni, na wengi walingoja lianguke, lingali limesimama. Huelezwa ya kuwa nguzo chache zilisimamishwa juu chini wakati yeye hayupo, naye aliporudi aliziacha zilivyo. Mafundi walikuwa wakijifunza, na nguzo hizo ziko mpaka leo.

Habari inayotuhusu sana sisi wa Masasi ni ya mwaka 1876. Askofu aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50, waume kwa wake, waliokombolewa katika utumwa, akitaka kuwarudisha kwao upande wa Nyasa. Walipofika Masasi mwezi wa Novemba, waliona nchi nzuri yenye maji, wakataka kukaa. Naye akakubali, wakaanza mji. Mwaka 1879 alimpa John Swedi ushemasi, Mwafrika wa kwanza katika Misheni hii: miaka 15 tangu siku ya wale wavulana 5.

Alikufa Unguja mwishoni mwa Agosti 1882, mwenye umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa lake. Agano Jipya la Kiswahili alikuwa amekwisha kulifasiri. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891, wenziwe wakiendeleza kazi. Mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule katika Afrika ya Mashariki. Wiki chache baada ya kufa kwake Wangoni waliipiga Masasi, wakachoma nyumba, wakaua na kuteka watu. Habari hiyo hakuisikia. Waliosalia wakahamia upande wa Newala.

Wala hakumwona Mwafrika akipewa ukasisi. Wa kwanza katika Misheni hii alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyetoka utumwani, mwanafunzi wa Kiungani. Alipewa daraja hiyo mwaka 1890, akafanya kazi Chitangali kati ya Wayao wenziwe, katika nchi ambayo tangu mwaka 1926 ni Dayosisi yetu.